Korongo na Kabati

Majina si yangu. Aliyezibatiza pikipiki zangu mbili ni fundi wangu wa Kinondoni, mtu asiyeweza kushika spana kabla hajakipa jina anachokifungua. Ya kwanza aliiita Korongo siku ileile nilipoiingiza uani kwake, kwa ile miguu mirefu na kile kipande cha plastiki kilichochomoza juu ya tairi la mbele kama mdomo wa ndege. Baadaye nikaona jina lina maana mbili, kwa sababu pikipiki za aina ile zinasifiwa kwamba zimeumbwa kwa ajili ya makorongo. Ya pili ilikuja miaka mitatu baadaye. Ilikuwa pana kifuani, imefunikwa pande zote, na masanduku yake yamekaa ubavuni kama yamezaliwa nayo. Fundi akaizunguka mara moja, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hili kabati, kaka."

Zote ni BMW. Korongo ni R 1150 GS, ya lami na porini; Kabati ni R 1150 RT, ya safari ndefu za lami. Injini ni ileile, mitungi miwili iliyolala, mmoja kulia na mmoja kushoto, ujazo wa sisi (cc) 1130, inayopozwa kwa hewa na oili, na nguvu inakwenda tairi la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Tofauti ya nguvu ni ndogo, farasi 85 kwa ile ndefu na 95 kwa ile pana. Ndiyo maana nadhani nina haki ya kusema mawili matatu. Watu wakibishana juu ya pikipiki za safari hulinganisha kampuni na kampuni, na ubishi unaishia kwenye ushabiki kama wa Simba na Yanga. Mimi moyo ulikuwa mmoja, nikabadilisha mwili tu.

Na safari ninayoizungumzia ni moja. Naishi Dar, kwetu ni Njombe. Kutoka Kimara hadi Njombe mjini ni kama kilomita 700 za lami, halafu ukiiacha lami kuna kilomita 23 za udongo mwekundu mpaka uani kwa mama. Mtu akikuomba ushauri anunue ipi, mwambie kwanza akuchoree barabara yake. Yangu ina kila kitu. Inaanza na joto na foleni ya kutokea mjini, inakata mbuga ya Mikumi kwa kilomita 50 ambazo unakwenda taratibu ukiwatazama twiga nao wakikutazama, inashuka kwenye tanuri la Ruaha Mbuyuni, inapanda Kitonga nyuma ya malori, na mwisho inakupandisha karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mwezi wa sita watu wanaota moto saa nne asubuhi. Kwa siku moja unapitia hali ya hewa ya nchi mbili.

Korongo nililinunua kwa ajili ya zile kilomita 23. Sitaficha. Mkandarasi mmoja wa kigeni alikuwa anamaliza mkataba wake na hakutaka kusafirisha pikipiki kurudi kwao. Nilipoiona imesimama, ya njano, na masanduku ya alumini yenye michubuko ya mahali nisikokujua, nilishajiona nimesimama juu ya vikanyagio navuka mto. Picha zote za pikipiki za aina hii zina vumbi. Uzao wake ulianza na R 80 G/S ya mwaka 1980, na zile herufi mbili ni za Kijerumani, moja ya porini na nyingine ya barabarani. Mwaka uliofuata Mfaransa Hubert Auriol akashinda nayo mbio za Paris hadi Dakar, na tangu hapo viwanda vimejua kwamba vumbi linauzika. Mbio zile ziliishia Senegal, lakini mimi wa Dar, kwa kufanana majina tu, nilihisi zimeniita.

Jambo la kwanza nililojifunza sikulijifunzia porini. Nililijifunzia kituo cha mafuta, Chalinze.

Urefu wangu ni sentimita 168. Kiti cha Korongo, hata ukikishusha chini kabisa, kiko sentimita 84 kutoka ardhini, na ni kipana, kwa hiyo mapaja yanatanuka na miguu inapungua. Barabarani hilo halina maana. Maana yake unaipata unaposimama. Pale Chalinze nilisimama kwenye pampu, sakafu ina mteremko kidogo na madoa ya dizeli, nikashusha mguu wa kushoto, ncha ya kiatu ikateleza. Spidi ilikuwa sifuri. Likaanza kulala polepole, ile polepole ambayo unapata nafasi ya kuwaza kila kitu isipokuwa cha kufanya. Kijana wa pampu aliniangalia kwa huruma, abiria wa basi lililokuwa limesimama pembeni wakaniangalia kwa raha. Hiyo ndiyo tabia ya pikipiki nzito, mwendo hauiangushi, inaangushwa na kusimama. Tangu siku ile nachagua mahali pa kusimama kama mtu anayechagua mahali pa kuegesha lori. Siweki mguu penye kokoto wala penye unyevu, na penye mteremko wa kwenda upande wa mguu mfupi sisimami kabisa. Miguu yangu yote ni mifupi, kwa hiyo ni pande zote.

Niliinyanyua mwenyewe mara ya pili. Mara ya kwanza nilijaribu kwa kuikumbatia usukani na mgongo ukagoma. Kijana wa pampu ndiye aliyenielekeza, naye alielekezwa na mtu mwingine. Geuka uipe mgongo, chuchumaa kiti kikiwa makalioni, shika hendo mkono mmoja na chuma cha nyuma mkono mwingine, halafu sukuma kwa miguu ukirudi kinyumenyume. Gia iwe imeingia isibiringike, na kama imelalia upande wa kulia, stendi ya pembeni iwe imefunguliwa kabla, la sivyo utainyanyua iangukie upande wa pili. Injini za aina hii zina ihsani moja, ile mitungi iliyochomoza inaizuia pikipiki isilale kabisa. Inabaki imeegemea mtungi, nusu ya kazi umeshafanyiwa.

Lakini kwa haki ya Korongo niseme na uzuri wake. Ukikaa juu yake unaona mbele kupita paa la gari dogo. Kijijini, mtoto akianza kukimbilia mpira nyuma ya kibanda, unamwona kabla mpira haujafika barabarani. Hendo lake ni pana kama pembe za ng'ombe wa Kinyankole, kwa hiyo kwenye kona za Kitonga, unapofuata lori linalotambaa na unataka kuchepuka kidogo kuona mbele, unaligeuza kwa vidole. Kwenye michepuko ya ujenzi wa barabara, pale lami inapokatika na kibao cha mshale kinakutupa kwenye vumbi, unasimama juu ya vikanyagio na kuacha shokomzoba, zenye mchezo wa kupanda na kushuka wa karibu sentimita 20, zifanye kazi yake. Matuta unayapita kama hayapo. Rasta za kabla ya vijiji, ambazo zinamtingisha mwenye gari mpaka meno, unazisikia kwa mbali tu. Siku moja nilipata pancha baada ya Doma, msumari wa inchi tatu. Rimu zake ni za spoku lakini tairi halina tyubu, nikauchomoa msumari, nikasukuma kamba ya gundi kwenye tundu, nikajaza upepo kwa kipampu cha betri, dakika 20 nikaondoka.

Tatizo lilianzia Mafinga kwenda mbele. Kuanzia hapo hadi Makambako upepo hauna adabu. Yeyote aliyewahi kusubiri basi Makambako anajua, pale hata kuku wanatembea kiubavuubavu. Kioo cha mbele cha Korongo ni kidogo, kinaukata upepo na kukuletea uliokatwa moja kwa moja kwenye helmeti. Ukifika kilomita 100 kwa saa, kichwa kinatikiswa kama embe linalotafutwa na watoto. Saa mbili za hivyo, shingo inakuwa mti. Na baridi! Magoti yako nje, kifua kiko nje, umekaa kama nguo kwenye kamba. Nilinunua magazeti mawili Iringa, si ya kusoma. Nikayapanga kifuani chini ya jaketi kama wafanyavyo vijana wa bodaboda asubuhi za Julai. Yanasaidia. Lakini nilipofika Njombe kwa shangazi, nilikaa nusu saa na kikombe cha chai mkononi nikisikia ngurumo masikioni, shangazi ananiuliza habari za watoto mara ya tatu.

Mama Tumaini alipanda Korongo mara moja tu kwa safari ndefu. Kiti cha abiria kiko juu zaidi ya cha dereva, kwa hiyo yeye alikuwa juu ya mgongo wangu, uso kwenye upepo wote ambao mimi nimeukwepa. Hakulalamika njiani. Mke wangu hana tabia ya kulalamika njiani, anaweka. Tulipofika Ipogolo, Iringa, alishuka, akavua helmeti, akarekebisha kilemba, akasema, "Baba Tumaini, kurudi nitapanda basi." Akapanda basi. Mimi nikarudi peke yangu na kiti kitupu nyuma, nikijiambia kwamba wanawake hawaelewi pikipiki. Kumbe alikuwa ameielewa kwa kilomita 500 tu. Mimi ilinichukua miaka mitatu.

Sasa tuje kwenye udongo. Ilikuwa Machi, mvua za Njombe hazijachoka. Ndani ya masanduku nilikuwa na sukari kilo kumi, dumu la mafuta ya kula, sabuni za miche na kitenge cha mama. Korongo lenyewe, tangi likiwa limejaa na bila sanduku hata moja, lina kilo 249. Ongeza masanduku, ongeza sukari, uniongeze na mimi, tunakaribia kilo 380. Niliiacha lami kwa furaha ya mtu aliyesubiri mtihani alioujua. Kilomita ya kwanza safi. Ya pili tukaingia kwenye mteremko wenye kivuli cha miti ya miwati, ambako jua halifiki na mfinyanzi haukauki. Tairi la mbele likajaa udongo kwenye mikato yake yote likawa laini kama kichwa kilichonyolewa. Nikashika breki kidogo, kidogo tu, na Korongo likaondoka chini yangu kwa heshima, likaenda kulala ukingoni. Ule mtungi uliochomoza ndio ulionisalimisha mguu.

Nikavua sanduku la kwanza. Nikatafuta pa kukanyaga ili nisukume kwa mgongo, viatu vikateleza. Nikajaribu tena. Pikipiki ikanyanyuka shibiri moja, ikarudi. Nilikuwa nimekaa kwenye tope, mgongo kwenye kiti, nikihema, nikasikia mlio mdogo unakuja. Bodaboda. Dereva ni kijana wa miaka 20 hivi, kavaa ndala, nyuma yake mama na mtoto, na mbele juu ya tangi kiroba cha viazi. Akaushuka ule mteremko miguu yote miwili ikigusa chini kama anayeteleza kwenye barafu, injini ikiguna gia ya kwanza, akanipita. "Pole, mzee!" Akapanda upande wa pili, akapotea.

Nilibaki pale kama robo saa kabla wanaume watatu waliokuwa wanatoka shambani hawajafika. "Kamwene," wakanisalimu, kama vile ni kawaida kumkuta mtu mzima amekaa hivyo. Tukainyanyua wote wanne. Lakini ile robo saa ilikuwa na faida. Nilikaa nikiifikiria pikipiki ya yule kijana. Haifiki kilo 130. Tairi zake ni nyembamba, na wala si za porini. Shokomzoba zake ni fupi. Kiti chake ni cha chini, miguu inafika ardhini yote, nyayo na kisigino. Kwa kila kipimo kinachotajwa kwenye sifa za Korongo, ile ya kwake ilishindwa, isipokuwa kimoja, na kile kimoja ndicho kilichokuwa cha lazima mahali pale.

Niliporudi Dar nilifungua daftari langu. Mimi ni mhasibu, naandika kila lita ninayojaza. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeendesha kilomita 26,000 na ushee, Njombe, Tanga, Dodoma, Arusha mara mbili. Nikahesabu zilizokuwa nje ya lami. Zilikuwa 840. Yaani katika kila kilomita 100, zaidi kidogo ya 3. Na hizo 3 nilizinunulia pikipiki nzima, halafu katika hizo 3 pikipiki ndiyo iliyonilaza.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na RT iliyokuwa inaota vumbi chini ya turubai, anaiogopa foleni. Tukabadilishana wiki mbili.

Kwa kweli siku ya kwanza nililichukia Kabati. Kutoka mjini hadi Kibaha, kwenye foleni, ule mfuniko wote unaokukinga na upepo unakufungia na joto la injini. Injini inayopozwa kwa hewa inataka hewa, na kwenye foleni hewa haipo, kwa hiyo magoti yanachomwa kama mishikaki. Ni pana, huwezi kupenya kati ya magari kama ulivyozoea, unasubiri nyuma ya daladala na wenzako wa bodaboda wanakupita wakikuangalia. Tuta la kwanza la Mlandizi nililipita kwa mwendo wa Korongo na stendi ya kati ikakwangua lami, krrrr, watu wakageuka. Mchezo wa shokomzoba zake ni sentimita 12 mbele na 13 na nusu nyuma. Ukishajua hilo unajifunza kuyaheshimu matuta, na kuna kitasa pembeni cha kukaza springi ya nyuma ukipakia mtu. Lakini siku ile nilikuwa sijui, nikawa nalaani.

Baada ya Chalinze nikaanza kunyamaza. Kioo cha mbele kinapanda kwa kubonyeza swichi. Nikakipandisha, na ghafla nikasikia injini. Miaka mitatu nilikuwa na injini ileile na sikuwahi kuisikia ikiwa kwenye mwendo. Kukawa na utulivu wa ajabu, kama mtu amefunga dirisha.

Utulivu huo nao una bei, na mimi nilifika kuilipa kijijini baada ya Mikese. Kwenye Korongo, spidi unaisikia shingoni, huna haja ya kuangalia dashibodi. Ndani ya Kabati 80 inafanana na 50. Nikaingia kijijini nikiwa nimestarehe kabisa, na askari akatoka kwenye kivuli cha mwembe na tochi yake. Aliniuliza naharakia wapi, nikamjibu kwa ukweli kabisa kwamba siharaki. Akanionyesha namba. Nikaandikiwa. Tangu hapo kila kibao cha 50 natazama sindano kwa macho, siamini mwili.

Jambo jingine ni mabasi. Basi la Mbeya likikujia kwa kasi, linasukuma ukuta wa hewa mbele yake. Korongo, kwa wembamba wake, hewa ile inapita. Kabati lina kifua, linaupokea ukuta wote. Unapigwa mara moja, unasogea nusu mita, halafu nyuma ya basi unavutwa. Mara ya kwanza moyo ulinipanda kooni. Dawa yake si kung'ang'ania hendo. Ukilikaza mikono, mtikisiko wote unaingia kwenye usukani. Legeza viwiko, bana tangi kwa magoti, kaa kidogo kushoto ya mstari wako kabla basi halijafika.

Halafu ikaja Mafinga, na baada ya Mafinga, Makambako. Upepo ulikuwepo, niliuona kwenye miti. Magoti yangu yalikuwa nyuma ya mfuniko, mikono kwenye vishikio vinavyopata joto, kifua kimetulia. Lile joto lililonichoma Kibaha sasa lilikuwa linanipikia miguu kwa mapenzi. Sikununua gazeti. Niliingia kwa shangazi, nikanywa chai, nikajibu habari za watoto swali la kwanza. Nilishangaa zaidi kwamba jioni nilitoka tena kwenda kuwasalimia ndugu. Kwa Korongo nilikuwa nafika nimekwisha, siku inayofuata ni ya kuuguza shingo, na mimi nilikuwa nahesabu uchovu ule kama sehemu ya uanaume wa safari.

Safari ya pili ndani ya zile wiki mbili nilimbembeleza Mama Tumaini. Ilibidi nimwahidi kwamba akichoka Morogoro tunageuza. Morogoro hakusema kitu. Mikumi akanigonga bega kunionyesha tembo. Tulipopita Ruaha Mbuyuni, pale kwenye vitunguu, alitaka tusimame anunue, na akanunua vingi kuliko sanduku linavyoruhusu. Mahali fulani baada ya Iringa nilihisi kitu kinanigonga mgongoni, tk, tk. Nikadhani ni sanduku limelegea. Nikapunguza, nikasimama. Ilikuwa helmeti ya mke wangu. Alikuwa amesinzia, ameegemea lile sanduku la nyuma lenye mto, kama yuko kwenye kochi. Niliogopa nikamfokea, kisha nikacheka. Kuanzia siku hiyo tunasimama kila saa moja na nusu, nataka tu nihakikishe yuko macho. Tulipofika Njombe nikamuuliza, haya, tofauti ni nini? Akafikiri. "Kule juu mimi nilikuwa mzigo," akasema. "Hapa mimi ni abiria."

Nikalinunua Kabati. Rafiki yangu alifurahi, foleni nayo ikapungukiwa na mtu mmoja mwoga. Korongo nililiuza kwa mjiolojia mmoja anayefanya kazi huko ndani kupita Chunya, mtu wa sentimita 188, ambaye miguu yake ilifika chini yote na akabaki na akiba. Alipoondoka nalo nilijua limepata mwenyewe. Kwake zile kilomita 3 kati ya 100 ni 60, na hapakii mtu.

Sijawahi kujuta, lakini kulia nimelia. Mwaka uliofuata nilichelewa kutoka Njombe, giza likanikuta baada ya Mafinga, kosa langu mwenyewe, maana pikipiki na usiku wa barabara ile havipatani. Shimo sikuliona. Tairi la mbele la Kabati ni inchi 17, dogo kuliko la Korongo la inchi 19, kwa hiyo linazama zaidi shimoni, na rimu zake ni za kumiminwa, hazina spoku za kunyooshwa. Nikasikia kishindo, kisha hendo likaanza kutetema. Rimu ilikuwa imebonyea pembeni, upepo unavuja taratibu. Nililala Iringa, na kesho yake nikasimama kila kilomita 60 kujaza kwa kipampu mpaka Dar, kama anayemnyonyesha mtoto. Fundi wangu alilitazama lile rimu, akalipitisha kidole. "Spoku ningekunyooshea leo," akasema. "Hili tuagize." Nikasubiri wiki tano rimu iliyotumika kutoka ng'ambo, huku Kabati limekaa juu ya matofali uani kwake, na yeye anawaambia wateja kwamba mwenye kabati amekwenda kutafuta mguu wake. Ningekuwa na Korongo, ningerudi kazini siku ya pili. Hilo silifichi kwa mtu yeyote anayeniuliza.

Wanaoniuliza wengi ni vijana wenye hela ya kwanza, na wengi wanataka ile ndefu. Nawauliza maswali matatu tu. Miguu yako inafika? Unapakia nani? Na mahali pabaya kabisa unapokwenda, ikikulalia, nani atakusaidia kuinyanyua? La tatu ndilo linalowanyamazisha. Kama jibu ni hakuna, basi usitafute umbo, tafuta wepesi. Chukua ya sisi 250 au 400, ufike Njombe kwa siku mbili badala ya moja. Watu wanadhani pikipiki kubwa ya porini ni pikipiki ya porini iliyokuzwa. Mimi naona ni pikipiki kubwa kwanza, na tope halisomi maandishi ya ubavuni.

Na zile kilomita 23? Kabati haliendi. Sijawahi hata kulijaribu. Linalala Njombe mjini uani kwa shangazi, chini ya turubai, na kuku wanalitumia. Tunavuka barabara hadi kijiweni, tunachukua bodaboda mbili, Mama Tumaini moja na mimi moja, sukari tunagawana. Mwanzoni niliona haya kidogo, mtu wa sisi 1130 kupanda nyuma ya kijana wa sisi 150 nikiwa na jaketi lenye vikinga viwiko na mabuti ya kufika magotini. Sasa nimezoea. Nauli yake kwa mwaka mzima haifiki bei ya tairi moja la nyuma.

Machi iliyopita tulipata kijana mgeni kwangu, mwongeaji. Tuliposhuka ule mteremko wa miwati, akashusha miguu yote miwili, akaniambia nishike vizuri. Tukapita. Alipoanza kupanda upande wa pili akageuza kichwa kidogo.

"Hapo, mzee, kuna mshua mmoja wa Dar aliangushaga lipikipiki likubwa. Mpaka leo watu wanahadithia. Alikaa kwenye tope anajisukumia na mgongo."

Boda ya Mama Tumaini ilikuwa sambamba na yetu. Niliona mabega yake yanatikisika.

"Lilikuwa la rangi gani?" nikamuuliza.

"Njano, mzee. Lina mdomo kama bata."